Kabla ya kuutafuta mkono wa binadamu kwenye rekodi za joto, ijue kelele

Wiki yangu ya kwanza katika kazi hii nilimpelekea mwalimu wangu grafu moja. Nilikuwa nimepakua wastani wa halijoto ya dunia wa kila mwaka, nikachora nukta, nikapitisha mstari ulionyooka katikati yake, nikakokotoa mteremko. Mstari ulipanda, na thamani ya p, kipimo cha jinsi bahati tupu ingeweza kutoa matokeo kama hayo, ilikuwa ndogo hata kompyuta ikaiandika kwa msururu wa sifuri. Nilidhani kazi imekwisha. Mwalimu aliitazama karatasi kwa muda, kisha akauliza: "Dunia hii, kama tusingeigusa, ingetikisika yenyewe kiasi gani?" Sikuwa na jibu. Akanirudishia karatasi. "Kanitafutie hilo kwanza. Mstari wako utakusubiri."

Ninyi mnaoingia sasa katika takwimu za mabadiliko ya tabianchi, nawaomba mlibebe swali hilo kabla ya jingine lolote. Wengi wetu tunakuja tukidhani kazi ni kuonyesha kwamba joto limepanda. Hilo ndilo jepesi. Guy Callendar, mhandisi wa mitambo ya mvuke huko Uingereza, alilionyesha mwaka 1938 kwa kalamu na karatasi, akitumia vipimo vya vituo 147. Ugumu uko kwenye maswali mawili yanayofuata. Je, kupanda huko kunazidi kile ambacho tabianchi ingeweza kufanya yenyewe? Na kama kunazidi, ni nini kimesababisha kupanda huko? Kujibu la kwanza tunaita utambuzi, kujibu la pili tunaita uhusishaji. Mtu anaweza kufaulu la kwanza akashindwa la pili, na mtu akiyachanganya, msomaji makini atamwona tangu aya ya kwanza.

Kelele, kwa maana yetu, ni kila kinachoipandisha na kuishusha halijoto bila mkono wa binadamu. Kuna El Niño, ambayo mwaka inapokolea huongeza wastani wa dunia kwa sehemu ya kumi ya nyuzijoto au zaidi, na dada yake La Niña anayeupunguza. Kuna mizunguko ya bahari ya miaka mingi. Kuna volkeno: Pinatubo ilipolipuka Juni 1991 ilirusha salfa hadi stratosfia, tabaka la juu la hewa, na dunia ikapoa kwa karibu nusu nyuzijoto kabla ya ile salfa kutua. Kuna jua na mzunguko wake wa takriban miaka 11. Zitenganisheni mapema katika makundi mawili: zile zinazozaliwa ndani ya mfumo wenyewe, kama El Niño, na zile zinazousukuma mfumo kutoka nje, kama volkeno na jua. Ya nje tuna kumbukumbu zake, tunajua yalitokea lini na kwa nguvu gani. Ya ndani hayana kalenda. Hapo ndipo takwimu inapokuwa na kazi.

Aliyetufungulia mlango huo ni Klaus Hasselmann. Mwaka 1976 alieleza jinsi vurugu za hali ya hewa za siku hadi siku, ambazo hazina mpangilio, zinavyoweza kuzaa mawimbi ya polepole ya miaka na miongo. Siri ni bahari. Bahari ni nzito. Kila joto au baridi inayoletwa na upepo wa leo inaingizwa kwenye hesabu yake na haisahauliki kesho. Kwa hiyo hata pasipo sababu yoyote ya nje, halijoto huweza kutangatanga juu kwa miaka kadhaa, kisha chini kwa miaka kadhaa. Mwaka 1979 akaandika namna ya kuitafuta ishara, yaani badiliko lenye sababu yake, ndani ya kutangatanga huko. Kwa kazi hiyo alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2021, pamoja na Syukuro Manabe na Giorgio Parisi.

Kumbukumbu hiyo ya bahari ndiyo iliyoivunja grafu yangu ya kwanza. Fomula ya kawaida ya regresheni, ile ya kupitisha mstari katikati ya nukta, inachukulia kwamba kila mwaka ni shahidi anayejitegemea. Sivyo ilivyo. Mwaka wa joto hufuatwa na mwaka wa joto mara nyingi kuliko bahati nasibu. Fanyeni hesabu hii kwa mkono, msiiachie kompyuta. Tuseme mna miaka 50, na baada ya kuondoa mwelekeo mnaona kwamba uhusiano kati ya mwaka mmoja na unaofuata ni 0.6. Idadi ya mashahidi wa kweli ni 50 mara (1 − 0.6) gawanya kwa (1 + 0.6), yaani 12.5. Mlikuja mahakamani na mashahidi hamsini. Kumbe ni kumi na wawili na nusu, wengine wanarudia maneno ya wenzao.

Kisha fanyeni zoezi la pili, na hili lifanyeni hata kama hakuna aliyewatuma. Tengenezeni kwa kompyuta mifuatano 1000 ya miaka 50 isiyo na mwelekeo wowote, ila yenye kumbukumbu ya 0.6. Pimeni kila mmoja kwa fomula ya kawaida kwa kiwango cha asilimia 5. Mngetarajia kengele za uongo 50. Mtapata karibu 300. Nilipoliona hilo kwenye skrini yangu mwenyewe nilinyamaza kwa muda mrefu, kwa sababu nilielewa kwamba ile msururu wa sifuri niliyojivunia haikuwa na maana niliyoipa. Ongezeko la joto la dunia halikupotea baada ya marekebisho, maana ni kubwa mno kupotea. Lakini sasa nilikuwa nalijua kwa haki.

Urefu wa rekodi nao una hesabu yake. Tangu miaka ya 1970 dunia imekuwa ikipata joto kwa karibu nyuzijoto 0.2 kila muongo, na mtikisiko wa mwaka hadi mwaka ni karibu 0.1. Kwa kelele isiyo na kumbukumbu, kosa sanifu, yaani kipimo cha mashaka, la mwelekeo wa miaka 10 ni kama 0.11 kwa muongo. Likizidishwa mara mbili linaumeza mwelekeo wote. Kwa miaka 30 kosa hilo hilo linashuka hadi 0.02. Rekodi imerefuka mara tatu, mashaka yamepungua zaidi ya mara tano, kwa kuwa yanafuata urefu uliopandishwa kwa kipeo cha moja na nusu. Mkiongeza kumbukumbu ya bahari mashaka yote mawili yanapanuka, ila uwiano wenyewe haubadiliki sana.

Ndiyo maana sikubali kamwe mjadala wa miaka kumi au kumi na mitano iliyochaguliwa na mtu. Mnaufahamu ule wa kuanzia 1998. Mwaka huo ulikuwa na El Niño kali sana. Ukianza hesabu kileleni, kila kinachofuata kitaonekana kimelala. Kwa miaka kadhaa watu walisema ongezeko la joto limesimama. Lakini aliyechagua 1998 alichagua baada ya kuiona data, na jaribio la takwimu halijui kwamba ulichungulia kwanza. Kama unataka kudai mwelekeo umebadilika mwaka fulani, lazima hesabu yako ibebe gharama ya miaka yote mingine ambayo ungeweza kuichagua. Na kanuni hiyo inatubana sisi pia: usianze 1976 kwa sababu tu mteremko unapendeza.

Sasa data zenyewe. Hapa nitakaa, maana hapa ndipo wanaoanza wanapoumia bila kujua.

Niliwahi kupewa rekodi ya kituo kimoja, zaidi ya miaka sitini. Katikati palikuwa na mahali ambapo joto la chini la usiku linaruka kwa karibu nyuzijoto moja na halirudi tena. Nilikuwa tayari nimeandika aya nzima kulielezea. Mtunza kumbukumbu mmoja akaniambia, "Ndugu yangu, umesoma daftari la kituo?" Sikuwa nimelisoma. Tulilifungua pamoja, na katika mwezi ule ule, kwa mwandiko wa mpimaji, palikuwa na sentensi moja: kibanda cha vipimajoto kimehamishiwa upande wa pili wa uwanja, karibu na ukuta. Ukuta hukaa na joto la mchana na kulitoa usiku. Aya yangu ilikuwa inauelezea ukuta.

Daftari lisipokuwepo, majirani wapo. Chukua rekodi ya kituo chako, toa wastani wa vituo vya karibu. Hali ya hewa ni yao wote, kwa hiyo inafutika. Kinachobaki ni mambo ya kituo chenyewe. Mruko uliokuwa umejificha ndani ya mawimbi unasimama peke yake kama ngazi. Programu za kusawazisha rekodi zinafanya hivyo kwa maelfu ya vituo, lakini ifanye mara moja kwa jicho lako, kwa kituo kimoja, mpaka uione ile ngazi.

Saa ya kusoma kipimo nayo hudanganya. Kipimajoto cha joto la juu hukumbuka kilele hadi kirudishwe. Kikisomwa na kurudishwa saa kumi na moja jioni ya siku ya joto kali, bado hewa ni moto, na kesho hata kukiwa na baridi kitaonyesha lile joto la jana. Siku moja ya joto inahesabiwa mara mbili. Nchini Marekani wapimaji wengi wa kujitolea walihama polepole kutoka kusoma jioni hadi kusoma asubuhi, na uhamisho huo peke yake ukaingiza kupoa ambako hakukuwahi kutokea. Mtu asiyejua hili akiona marekebisho yanapandisha mwelekeo wa Marekani atasema data zimepikwa.

Mwambieni kuhusu ndoo. Zamani joto la bahari lilipimwa kwa kushusha ndoo ya turubai, kuivuta sitahani, kisha kutumbukiza kipimajoto. Njiani maji yanavukiza na kupoa. Baadaye meli zikaanza kupima maji yanayoingia kupoza injini, ambayo huwa na joto kidogo kuliko ya nje. Wakati wa Vita Kuu ya Pili vipimo vingi vilitoka meli za Marekani zilizotumia injini. Baada ya Agosti 1945 sehemu ya meli za Uingereza, zilizotumia ndoo, ikaongezeka ghafla. Rekodi ikashuka siku hizo, na watafiti walikuja kuubaini mruko huo wazi mwaka 2008 tu, kwa kuondoa kwanza athari ya El Niño na mizunguko mingine. Angalieni pia upande ambao marekebisho ya bahari yanaelekea: yanainua joto la miaka ya ndoo, yaani ya zamani, na bahari ni zaidi ya theluthi mbili za uso wa dunia. Ukijumlisha marekebisho yote, ya nchi kavu na ya bahari, ongezeko la joto la dunia kwa muda mrefu linakuwa dogo kuliko la data ghafi. Jambo hili nalisema kila ninapopata nafasi, kwa sababu tuhuma ya kupika data inawaumiza watu waliokesha wakisoma madaftari ya meli.

Setelaiti hazikuepuka. Timu moja iliyokuwa ikipima troposfia, tabaka la chini la hewa, ilitangaza kwa miaka kwamba karibu hakuna ongezeko. Mwaka 1998 ikaonekana kwamba setelaiti zilikuwa zikishuka kidogo kidogo kwenye njia zao na kuingiza kupoa kwa uongo. Mwaka 2005 likaonekana kosa la alama ya kujumlisha na kutoa katika kurekebisha saa ya kupita juu ya mahali. Makosa hayo yalikutwa na watu wengine waliopitia hesabu upya. Wekeni programu zenu mahali ambapo mwenzenu anaweza kuzipitia.

Turudi kwenye lile swali la mwalimu: ingetikisika kiasi gani? Hatuna dunia ya pili isiyoguswa. Tuna modeli za tabianchi, yaani programu za kompyuta zinazoiiga dunia. Modeli huendeshwa kwa mamia ya miaka bila kuongezewa hewa ukaa, bila volkeno, bila chochote, na tunaiacha itangetange. Huo ndio uigaji tulivu, na ndani yake tunaisoma kelele. Kisha inaendeshwa kwa visukumo tofauti: mara jua na volkeno tu, mara gesijoto tu (hewa ukaa na nyingine zinazonasa joto), mara chembechembe za moshi na salfa tu, mara vyote pamoja. Kila uendeshaji unatoa umbo lake la joto kwa mahali na wakati. Maumbo hayo ndiyo alama za vidole.

Hesabu yenyewe ni regresheni. Halijoto iliyopimwa ni jumla ya alama za vidole, kila moja ikiwa na kizidisho chake, pamoja na kelele. Mashaka ya kizidisho, yaani mapana ambamo thamani yake ya kweli huenda imo, yakiwa yote juu ya sifuri, ishara imetambuliwa. Yakiwa yanaikumbatia moja, modeli imekisia ukubwa sawasawa. Kizidisho cha 0.7 maana yake modeli imezidisha. Ni wazo la kawaida sana, na uzuri wake ni kwamba modeli hailazimiki kuwa sahihi kwa ukubwa. Ukubwa unaamuliwa na vipimo. Modeli inatoa umbo tu.

Ila kuna mitego miwili ambayo nimeiona ikiwanasa hata wenye shahada kubwa. Wa kwanza ni kutumia kipande kilekile cha uigaji tulivu kuchagua uzito wa alama na pia kupima mashaka. Ni sawa na mwanafunzi kujisahihishia mtihani alioutunga. Gaweni uigaji mara mbili, kimoja kwa kila kazi. Wa pili ni kuisahau mabaki. Baada ya kuondoa ishara zote, kinachobaki kwenye vipimo kifanane na kelele ya modeli. Kikiwa kikubwa kuliko hiyo, modeli yako ina utulivu kupita kiasi na mashaka uliyoandika ni membamba mno. Myles Allen na Simon Tett walituwekea jaribio la mabaki mwaka 1999. Lisipokuwepo kwenye ripoti ya mtu, mimi husimama hapo kusoma.

Kwa nini tuhangaike na umbo badala ya wastani wa dunia? Kwa sababu visukumo vingi vinaweza kupandisha wastani, lakini si vyote vinaacha alama moja. Jua likiongezeka nguvu linapaswa kuipasha hewa joto kuanzia chini hadi juu, stratosfia ikiwemo. Hewa ukaa hufanya kinyume: inaipasha troposfia na kuipoza stratosfia, jambo ambalo Manabe na Richard Wetherald walilikokotoa tangu mwaka 1967, kabla hakuna setelaiti ya kulihakiki. Vipimo vilipokuja vikaonyesha hivyo hasa: chini kunapata joto, juu kunapoa. Kuweni waangalifu hapa pia, maana kupungua kwa ozoni nako kulipoza sehemu ya chini ya stratosfia. Ni kazi ya binadamu, lakini ni kazi nyingine. Anayeitumia stratosfia yote kama ushahidi wa hewa ukaa peke yake ameiba kidogo.

Na jua lenyewe? Limepimwa kwa setelaiti tangu 1978, na mwangaza wake haujaonyesha kupanda kunakolingana na joto.

Hasselmann aliongeza jambo ambalo mwanzoni linagoma kuingia akilini. Msitafute ishara mahali ilipo kubwa. Itafuteni mahali ilipo kubwa ikilinganishwa na kelele. Aktiki inapata joto kwa kasi kuliko sehemu nyingine za dunia, kwa hiyo mtu atadhani huko ndiko ingeonekana kwanza. Lakini majira ya baridi ya Aktiki yanaruka nyuzijoto kadhaa mwaka hadi mwaka. Katika nchi za tropiki ongezeko ni dogo, ila hali huko ni tulivu sana, na ishara hujitokeza juu ya kelele mapema zaidi. Mtu akinong'ona chumba kimya utamsikia kabla ya anayepiga kelele kwenye mashine ya kusaga. Ukiipa kila sehemu ya ramani uzito kwa kinyume cha kelele yake, ushahidi uleule unaongea kwa nguvu zaidi.

Kuna kitu hesabu hii haitakupa, na ni vizuri uzoee mapema. Gesijoto na chembechembe za salfa zimeongezeka katika karne ileile, mara nyingi kutoka makaa ya mawe yaleyale. Moja inapasha, nyingine inapoza. Alama zao zinafanana kama pande mbili za kitambaa kimoja, na regresheni inapata tabu kuzitenganisha. Ripoti ya mwaka 2021 ya Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi, IPCC, inasema kati ya 1850–1900 na 2010–2019 gesijoto zilichangia kupanda kwa nyuzijoto 1.0 hadi 2.0, na visukumo vingine vya binadamu, hasa chembechembe, vikapoza kwa 0.0 hadi 0.8. Mapana makubwa. Lakini jumla ya mchango wa binadamu ni 1.07, kati ya 0.8 na 1.3. Jumla inajulikana vizuri kuliko sehemu zake, kwa kuwa makosa ya sehemu hizo yanafidiana. Jua na volkeno: kati ya −0.1 na +0.1. Mtikisiko wa ndani: kati ya −0.2 na +0.2. Linganisheni hizo mbili za mwisho na 1.07, mtajua kwa nini sauti ya wanasayansi imebadilika.

Na ilibadilika kwa hatua. Ripoti ya kwanza, mwaka 1990, ilisema ongezeko lililoonekana bado lingeweza kuwa la asili, na kwamba utambuzi usio na shaka huenda usipatikane kwa muongo mmoja au zaidi. Mwaka 1995 ikasemwa kwamba mizani ya ushahidi inaashiria mchango wa binadamu unaotambulika. Mwaka 2001 uwezekano wa zaidi ya asilimia 66 kwamba sehemu kubwa ya ongezeko la miaka 50 inatokana na gesijoto. 2007 zaidi ya 90. 2013 zaidi ya 95 kwa binadamu kuwa chanzo kikuu. Mwaka 2021: haina shaka. Someni hatua hizo taratibu. Asilimia hizo hazikunakiliwa moja kwa moja kutoka kompyuta. Wataalamu waliangalia matokeo ya hesabu, ambayo mara nyingi yalikuwa na nguvu zaidi, wakayashusha ili kuacha nafasi ya makosa ambayo hesabu haiwezi kuyajua yenyewe. Ninaupenda uvumilivu ule. Ulikuwa wa watu waliokuwa wakishambuliwa pande zote, na bado hawakuongeza chumvi.

Jifunzeni kutoka kwao namna ya kusema. Thamani ya p ya 0.01 haisemi kwamba kuna uwezekano wa asilimia 99 kuwa binadamu ndiye chanzo. Inasema kwamba kama kungekuwa na kelele peke yake, matokeo makubwa kiasi hiki yangetokea mara moja katika mia. Ni kauli mbili tofauti. Mwaka 2019 Benjamin Santer na wenzake walionyesha kwamba ishara ya binadamu katika rekodi za setelaiti za troposfia imefikia kiwango cha sigma tano, ambapo kelele peke yake ingeifikia kwa nafasi kama 1 katika milioni 3.5. Hata namba nzito hivyo iandikeni kwa sharti lake: endapo kelele tuliyokadiria ni sahihi.

Sharti hilo ndilo mtakaloulizwa zaidi. Vipi kama modeli zinaidharau kelele? Msiliogope swali, ni zuri, na ni lilelile la mwalimu wangu. Zidisheni kelele mara mbili mkaone kama utambuzi unasimama. Kwa wastani wa dunia unasimama. Kisha nendeni kwenye fizikia. Mtikisiko wa ndani hauzalishi joto, unalihamisha. Kama hewa ingepata joto kwa kulichota baharini, bahari ingepoa. Haijapoa. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada limeingia humo humo baharini. Hewa inapanda, bahari inapanda, barafu ya nchi kavu inayeyuka, vyote kwa pamoja. Hakuna kuhamisha kunakoweza kufanya hivyo. Nilipolielewa hili niliacha kulala na hofu kwamba kadirio langu la kelele lina kasoro mahali fulani.

Mkitaka pa kuanzia kesho asubuhi, chukueni rekodi zaidi ya moja: HadCRUT5, GISTEMP, NOAAGlobalTemp na Berkeley Earth zote ni za bure. Zitofautishwe na wastani wa kipindi kimoja, kwa mfano 1961–1990, kwa sababu kila moja huja na msingi wake na nimeona wageni wakilinganisha mbili zenye misingi tofauti na kudhani wamegundua jambo. Msijaze nafasi tupu za ramani kwa sifuri; mahali pasipo kipimo si mahali pasipobadilika, na Aktiki ikiachwa nje wastani unashuka. Kisha pakueni kutoka CMIP6, hazina ya kimataifa ya matokeo ya modeli, uigaji wa visukumo vya asili peke yake na ule wa visukumo vyote, kutoka modeli ileile, marudio mengi kadiri diski yenu inavyoruhusu. Chukueni kutoka modeli maeneo yaleyale tu yenye vipimo, miezi ileile.

Choreni utepe wa asili, yaani eneo linalofunika marudio yote ya uigaji huo, kwa rangi moja, utepe wa vyote kwa nyingine, na vipimo kwa mstari mweusi juu yake. Katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 tepe hizo zitalaliana, na mstari mweusi utapita ndani ya zote mbili. Baada ya volkeno ya Agung kulipuka mwaka 1963 zitainama pamoja. Kisha, mahali fulani kwenye miongo ya mwisho ya karne, utepe wa asili utabaki chini, ukizama kidogo kwa volkeno ya El Chichón mwaka 1982 na tena kwa Pinatubo, na mstari mweusi utakuwa umeuacha. Wekeni alama ya penseli pale unapotoka na usirudi tena. Rudieni kwa modeli nyingine, muone alama inahama miaka mingapi.